Redio Iliyokuja na Gari

Nilichomoa ufunguo wa gari la mtu, gari limejaa abiria, dereva mwenyewe ameshika usukani. Siombi radhi. Naanza na hilo kwa sababu ndilo watu wanalolisimulia kutoka Mikumi mpaka Kilosa, na wanalisimulia vibaya.

Ilikuwa saa nne asubuhi, pale Mikumi panapopakia magari madogo ya Kilosa. Gari letu sisi lilikuwa limekodiwa siku hiyo kwenda Dumila kuchukua vitunguu, kwa hiyo nilipotoka kituo cha afya na binti yangu nikapanda la watu. Nikakaa mbele, mtoto nimempakata. Nyuma walikuwepo akina mama wawili na ndoo zao, mzee mmoja mfugaji aliyeibana fimbo yake kati ya magoti, na wengine ambao sikuwaangalia. Dereva akawasha gari. Redio ikaamka, na sauti ya mwanamke ikasema maneno yake kwa Kijapani, taratibu, kama nesi anayeongea na mgonjwa.

Binti yangu akainua kichwa kifuani kwangu.

"Kudasai," akasema.

Alikuwa hajatamka neno lolote kwa miezi mitatu.

Nikaitazama ile redio. Kitufe cha kuzimia kilikuwa na nukta nyekundu ya rangi ya kucha. Cha kuongeza sauti kilikuwa na nukta mbili za waridi. Cha kurudi nyuma kilikuwa na nukta ya zambarau iliyopinda kwa pembeni, kwa sababu siku ile naipaka kuna mtu aliusukuma mkono wangu. Mtu huyo alikuwa amekaa mapajani mwangu.

"Zima gari," nikamwambia dereva.

"Umesahau mzigo, dada?"

"Zima gari."

Akacheka, akaingiza gia. Hapo ndipo nikanyoosha mkono, nikazungusha ufunguo, nikauchomoa. Gari likashtuka mara moja, likanyamaza.

"Ee! Huyu mama vipi?" mtu akauliza nyuma.

"Dereva, mkeo mkubwa kakufuma na Mjapani," akasema mama mmoja mwenye ndoo, na gari zima likaangua kicheko.

Mimi sikucheka. "Redio hii ni yangu," nikasema. "Nani kakuuzia?"

Sasa nieleze vizuri, maana mtu akisikia nimepigania redio ya gari ananiona mwendawazimu.

Gari letu lilitoka Japani likiwa limeshatumika, kama magari karibu yote ya huku. Kadi yake imeandikwa jina langu, kwa sababu lilinunuliwa baada ya kuuzwa shamba la marehemu baba yangu kule Kilangali. Anayeliendesha ni mume wangu. Anabeba abiria kati ya Kilosa na Mikumi, na siku nyingine mizigo. Kwa hiyo kwenye karatasi gari ni la mke, na barabarani ni la mume. Hatukuwahi kugombana juu ya hilo mpaka ilipofika habari ya redio.

Redio yenyewe ilikuja na gari kutoka kiwandani. Ilikaa kwenye dashibodi kama imeota pale, haina hata nafasi ya kupitisha ukucha. Sauti yake ilikuwa safi. Kamera ya nyuma ilionekana kwenye kioo chake ukirudi kinyumenyume. Ila kila kilichoandikwa kilikuwa Kijapani, na masafa yake yalikuwa ya kwao: yanaishia tisini, wakati stesheni nyingi za huku zinaanzia hapo kwenda juu. Kilichoshikika kilikuwa mahubiri ya kukatikakatika, na ukipita karibu na hifadhi ya wanyama hata hayo yanapotea, unabaki na mvumo tu kama mchele unapepetwa.

Na kila ukiwasha gari, yule mwanamke. Mwaka mzima hatukujua anataka nini. Mume wangu alisema anasalimia. Mama mkwe wangu alisema anatuhesabu tuliomo ndani. Siku moja nikaiweka simu karibu na spika, ile programu ya kutafsiri ikasikiliza, ikaandika: tafadhali ingiza kadi ya ramani. Basi. Kumbe mwaka mzima alikuwa anaomba ramani ya Japani, Kilosa, kwenye njia ya vumbi, kwa watu ambao hawana na hawatakuwa nayo. Na hakuchoka. Kesho yake ukiwasha, anaomba tena, kwa adabu ileile.

Vitufe nilivipaka rangi ya kucha mimi mwenyewe, maana mume wangu alikuwa akitaka kupunguza sauti anabadilisha lugha kutoka Kijapani kwenda Kijapani kingine. Mtoto akazijua zile nukta kabla yetu. Alikuwa na miaka mitatu na nusu, na alikuwa hasemi.

Hasemi kabisa. Si kwamba hasikii. Ukifungua mfuko wa biskuti chumba cha pili anakuja. Lakini maneno hayakutoka. Wenzake wa mtaani walishafika kutukanana, yeye anashika mkono wako na kukupeleka kwenye kitu. Nilishaambiwa yote. Kwamba nilimchelewesha kwa kumweka mgongoni sana. Kwamba nilikula kitu nikiwa na mimba. Kwamba wanawake waliosoma sekondari wanazaa watoto wenye mawazo. Niliwajibu wote, na wengine niliwajibu vibaya.

Asubuhi moja nilikuwa nimekaa naye kwenye gari uani, mume wangu anakagua maji ya rejeta. Nikawasha. Mwanamke akaomba kadi yake. Mtoto akageuka, akanitazama usoni, akasema, "Kudasai."

Mume wangu akatoka chini ya boneti, uso una grisi. "Nani kasema?"

"Mwanao."

"Kasema nini?"

"Kasema tafadhali."

Neno lake la kwanza duniani. Nililia juu ya usukani mpaka honi ikalia na mimi.

Toka siku hiyo akawa analitumia. Akitaka maji ananyooshea mtungi: kudasai. Akitaka kushuka kitandani: kudasai. Lilikuwa neno moja lakini lilifanya kazi ya maneno hamsini. Baada ya wiki kadhaa likazaa mengine. "Maji kudasai." Halafu "baba kudasai," akitaka baba yake awashe gari. Dada mmoja wa kituo cha afya Mikumi, anayewafahamu watoto wanaochelewa kusema, aliponiona nina wasiwasi akaniambia: "Neno ni neno, mama. Usimgombeze. Mwache alishike hilo, mengine yatalifuata. Na kile anachokipenda kisiondolewe ghafla." Maneno hayo nilimfikishia mume wangu neno kwa neno. Nataka lieleweke hilo. Neno kwa neno.

Lakini mtaani walishaanza. Watoto wakimwona wanaimba "Mjapani! Mjapani!" na yeye anawakimbilia anafurahi, anadhani anaitwa. Na mama mkwe wangu akaja siku moja mchana, nikampa kiti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu." Akamtazama mtoto, mtoto anamwomba kipande cha muwa. Kudasai, kudasai. Mama mkwe akaurudisha muwa kwenye sahani. "Mtoto kwanza huita mama. Huyu kamwita nani?"

"Anaomba muwa, mama."

"Najua anaomba. Nauliza anamwomba nani. Mnaweka ndani ya gari kitu kinachosema chenyewe, hamkijui, kinamfundisha mtoto. Mpelekeni akasomewe dua, na hicho kitu kitoke."

Halafu akamgeukia mwanawe wakaendelea kwa Kisagara, lugha yao ya nyumbani, ambayo mimi nimeikuta ukubwani na nashika neno moja moja. Nilishika "mtoto". Nilishika "toa". Nikaondoa vyombo.

Sitaki kumfanya mume wangu jitu baya tangu mwanzo. Alikuwa na hoja zake, na hoja zenyewe zilikuwa za kweli. Tulikaa kwenye gari mchana mmoja, milango wazi kwa joto, tukazungumza kama watu wanaochagua shule.

"Abiria wananiuliza, hii gari haina redio?" akasema. "Mpira unachezwa, wenzangu wanausikiliza, mimi nawasikilizisha mvumo. Ile ya kioo kikubwa inashika kila stesheni. Inashika simu, inaonyesha video, imeandikwa lugha tunayoisoma."

"Ya dukani inakaa miezi mingapi kwenye jua hili?"

"Inategemea na fundi."

"Hii ya kiwandani imekaa miaka kumi na tano, haikutegemea fundi. Na mtoto?"

"Mtoto atazoea."

"Asipozoea?"

Akapiga usukani kwa kiganja. "Sasa nikose abiria kwa ajili ya mwanamke ambaye hayupo?"

"Kwa mwanao yupo."

Mimi ndiye niliyeleta njia ya katikati. Kuna kidude kidogo wanakiita ekspanda, kinachomekwa kwenye waya wa antena nyuma ya redio, kinazivuta stesheni za huku zikae ndani ya masafa ya Kijapani. Namba kwenye kioo zinakuwa za uongo, na sauti inapungua ubora kidogo, lakini mpira unasikika. Nilikuwa nimeshamuuliza fundi wa redio wa Mikumi, mwenye kibanda kando ya barabara kuu, akaniambia kwa mdomo wake: "Hiyo nusu saa tu, dada. Redio yako sigusi kitu."

Mume wangu akakubali. Tukapeana mikono pale pale kwenye gari, tukacheka, maana ilikuwa kama harusi ya serikali. Nikaandika kwenye karatasi: Weka ekspanda. Redio iliyokuja na gari isitolewe. Nikamkunjia, nikaitia mwenyewe kwenye mfuko wa shati lake.

Alirudi jioni, jua bado lipo. Nilijua kabla hajazima injini, kwa sababu mwanga wa bluu ulikuwa unamulika shingo yake. Kwenye dashibodi palikuwa na kioo kipana kama sahani ya pilau, kimezungukwa na fremu nyeusi ambayo haikukaa sawa upande wa kulia. Unaona waya ukichungulia.

"Ile imekufa mkononi mwa fundi," akasema, haraka, kama aliyelikariri njiani. "Alipochomoa tu betri, redio ikajifunga. Inadai namba za siri za Kijapani. Haifunguki."

Jambo hilo hutokea kweli. Nimesikia watu wengi limewakuta. Ndiyo maana niliamini. Nilijiona mjinga kwa kutaka ekspanda, nikahisi mimi ndiye niliyeiua.

Mtoto alikuwa ameshakimbia. Nikakaa kwenye kiti cha dereva, naye akapanda mapajani kwangu, akatulia anangoja. Nikawasha. Ikatokea picha ya gari la mashindano na mlio wa ngoma. Mtoto akangoja. Picha ikapita. Akakisogelea kioo, akakiambia, polepole, kama mtu anayemkumbusha mwenzake maneno: "Kudasai."

Kioo hakikujibu.

Akachukua mkono wangu, akauweka kwenye ufunguo. Alidhani nimewasha vibaya. Nikazima, nikawasha. Ngoma. Akaurudisha mkono wangu. Mara sita. Mara ya sita mume wangu akaondoka kwenda kunawa.

Baada ya hapo maneno yakaondoka kama yalivyokuja, ila kwa kasi zaidi. Likaanza kudasai lenyewe. Halafu maji, akarudia kunishika mkono na kunivuta mpaka kwenye mtungi. Neno la mwisho kuondoka lilikuwa baba. Alikaa nalo siku nyingi, analisema mlangoni gari likifika, halafu siku moja gari likafika akabaki amekaa kwenye mkeka anapanga vifuniko vya soda.

Hiyo redio mpya nayo tuiseme. Fundi hakutumia soketi; alikata waya za kiwandani akazifunga kwa utepe mweusi wa plastiki. Kamera ya nyuma ikafa. Kioo kikipigwa na jua la saa saba kinaganda, wimbo unaendelea wenyewe, huwezi kupunguza wala kuzima, mpaka uzime gari. Mara mbili tulikuta betri imekwisha asubuhi. Lakini mpira ulisikika, abiria walifurahi, na mume wangu akawa anapandisha sauti hata akiwa peke yake.

Nilimwambia, "Basi nipe hata maiti yake. Nitaipeleka Morogoro kwa fundi mwingine."

"Fundi kaitupa."

"Kaitupa wapi?"

"Kaitupa, mama watoto. Imetupwa."

Nikampigia fundi simu, naye akaniambia hivyohivyo: imekufa, ameitupa.

Miezi mitatu. Sasa mnajua nilikuwa nimebeba nini siku nilipochomoa ule ufunguo.

Dereva yule alikuwa kijana mstaarabu kuliko nilivyostahili. Alisema ameinunua kwa fundi wa kando ya barabara kuu. Nikashuka, mtoto mkononi, ufunguo mkono wa pili, nikaenda kwa miguu mpaka kwenye kibanda, malori ya muwa wa Kidodi yanatupita na upepo wake. Dereva akanifuata. Abiria nao wakamfuata dereva, maana wangeenda wapi.

Fundi alikuwa amechuchumaa ndani ya gari la mtu, spika kaipakata. Aliponiona akatabasamu.

"Karibu shemeji. Ile kioo inasumbua?"

"Redio yangu ulisema imekufa. Nimeikuta inaongea kwenye gari la huyu."

Akamtazama dereva. Dereva akatazama chini.

"Shem, usikasirike," fundi akasema. "Kwetu mafundi kinachotoka kwenye gari hakirudi, mpaka mwenyewe akidai. Mwenyewe hakudai."

"Mwenyewe ni mimi. Kadi ya gari ina jina langu."

"Mimi sisomi kadi. Nasoma aliyeshika ufunguo." Wavivu waliokaa kwenye benchi lake wakacheka.

Nikauinua ufunguo wa dereva. "Basi leo nimeshika mimi. Nisome."

Wakacheka tena, safari hii kumcheka yeye, na hilo ndilo lililomuudhi. Akaweka spika chini.

"Kamuulize mumeo! Karatasi yako alinipa, nikaisoma, nikamwambia sawa, ekspanda ninayo. Yeye ndiye aliyesema toa. Alisema mama yake hataki kile kitu kirudi nyumbani kwake, nikuambie imekufa, niipeleke mbali. Sasa mimi nifanyeje? Nigombane na mwenye mke?"

Nakumbuka kwamba niliona vitu vidogo tu. Nati imeanguka kwenye mchanga. Mtoto anavuta sikio langu. Lori limesimama, tandiboi wake anatema mate.

Dereva akasema kwa upole, "Dada, naomba ufunguo. Mimi nimenunua. Na wala sikai nayo, abiria wananichoka. Jumatatu fundi ananiwekea ya kioo kikubwa, hii anaichukua."

"Anaichukua anaipeleka wapi?"

"Vipuri," fundi akasema. "Waya zake nilishazikata mara mbili, haitakaa tena kwenye gari la tatu. Nitatoa kioo na mashine ya diski, basi."

Nikampa dereva ufunguo. Tuliporudi garini mtoto alikataa kukaa kwangu. Alijichomoa mikononi mwangu akasimama mbele ya redio, ameshika dashibodi kwa mikono miwili. Dereva alimwangalia, akawasha, akazima. Akawasha tena, akazima. Mara nne, bila kuombwa na mtu mzima. Kila mara mwanamke akaomba kadi yake, na binti yangu akamwitikia.

"Mtoto anasema nini?" yule mzee mfugaji akauliza nyuma.

"Anaomba," nikamjibu.

"Anaomba nini?"

"Anaomba tu, babu."

"Sasa si apewe."

Hakuna aliyecheka. Tulikwenda mpaka Kilosa hivyo.

Mume wangu nilimkuta kesho yake mchana anashusha magunia ya vitunguu. Sikupiga kelele. Nilimwambia nimeisikia redio yetu, iko hai. Alikaa juu ya gunia.

"Nilifanya kwa ajili yake," akasema. "Wanamwita Mjapani. Unajua nikipita stendi wananiitaje? Baba Mjapani. Mama halali. Ananiambia kizazi chake kimechukuliwa na chuma."

"Uliwahi kumsikia anaomba maji?"

"Nilimsikia."

"Uliwahi kumsikia anakuita baba?"

Alichukua kitunguu kilichochubuka akawa anakimenya kwa kidole, gamba moja moja, mpaka kikaisha. Basi nyumbani kwetu wakawa wawili wasiosema.

"Irudishe," nikamwambia. "Kabla ya Jumatatu. Nenda kwa fundi, nenda kwa dereva, piga magoti, sijui. Irudishe."

"Nitamwambia nini mama?"

Alisema hivyo. Ana mtoto bubu sebuleni na swali lake ni hilo.

Nilimpa siku mbili. Ijumaa nikapanda gari kwenda Mikumi, nikaingia ofisi ya mtendaji wa kata, kwa sababu kibanda cha fundi kiko kwenye kata yake. Alikuwa mzee mwenye miwani, anakula mahindi ya kuchoma juu ya faili.

"Shikamoo."

"Marahaba. Kaa, mwanangu. Shida gani?"

Nikaeleza. Alisikiliza vizuri, simwonei. Alipomaliza hindi lake akafuta mikono kwa gazeti.

"Malalamiko ya fundi ni ya hapa. Malalamiko ya mume ni ya wazee wenu nyumbani. Wewe umechanganya dawa mbili kwenye kikombe kimoja. Mtoe mumeo, andika barua ya fundi peke yake, nitaipokea sasa hivi na fundi nitamwita."

"Nikimtoa mume, fundi atasema alitumwa."

"Atasema, ndiyo."

"Na atakuwa anasema kweli."

Akavua miwani. "Mwanangu, ukishaandika jina la mumeo hapa mimi nikapiga muhuri, halifutiki. Ndoa inakaa vibaya kwenye faili. Umefikiri?"

Nilifikiri. Mtoto alikuwa sakafuni kwenye ofisi ile, anabonyeza vifungo vya begi langu kimoja kimoja, kama anatafuta kile chenye nukta. Nikaomba kalamu. Niliyokuwa nayo ilikuwa imekwisha wino.

Mtendaji aliisoma barua yangu mara mbili. Alitaka niandike thamani ya kitu kilichopotea. Nikamwambia nimeshaiandika, iko namba tatu. Akatikisa kichwa, akapuliza muhuri, akaugonga. Akanipa nakala yangu. Ninayo mpaka leo, na nainakili hapa kama ilivyo, pamoja na makosa yake.

Mtendaji wa Kata,
Mikumi.

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA FUNDI WA REDIO NA DHIDI YA MUME WANGU

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

1. Mimi ni mmiliki wa gari kwa mujibu wa kadi. Niliagiza kwa maandishi redio iliyokuja na gari isitolewe. Mlalamikiwa wa kwanza, fundi, alisoma maandishi hayo na akaitoa. Mlalamikiwa wa pili, mume wangu, ndiye aliyemwamuru, kisha wote wawili wakaniambia imekufa.

2. Redio haikufa. Nimeisikia. Ipo kwenye gari la mtu aliyeinunua bila kujua, na huyo simlalamikii.

3. Thamani ya kilichopotea: maneno matatu. Kudasai, maji, baba. Mtoto wangu alikuwa hana mengine.

4. Naomba redio ileile irudishwe kabla ya Jumatatu, kabla haijavunjwa. Sitaki nyingine, sitaki mpya, sitaki fidia. Ina nukta nyekundu, nukta mbili za waridi, na moja ya zambarau iliyopinda.

5. Nimeshauriwa nimwondoe mlalamikiwa wa pili katika barua hii. Nimekataa.

Naomba kuwasilisha.

Mama wa mtoto.

Nakala: Mlalamikiwa wa pili, nyumbani kwangu.